Bomba Chini ya Nyasi

Haya yalimpata mdogo wangu wa kiume, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu kuniambia ni habari za kusikiasikia.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu. Mdogo wangu ni fundi bustani, mimi ndiye msaidizi wake. Tuliitwa kwa mama mmoja aliyetoka kujenga vyumba vya nyuma. Malori ya mchanga yalikuwa yamemshindilia udongo wa uani hadi ukawa mgumu kama sakafu; nyasi zimekufa, maji ya mvua yametuama ukutani. Mama mwenyewe hata salamu hakuitikia. Alichosema ni kwamba tufanye kazi kimya. Nikamnong'oneza mdogo wangu kwamba huyu mama kaamkia ubavu wa kushoto. Tukacheka.

Tukachimba mtaro, tukamwaga kokoto, tukalaza bomba lenye matundu kutoka ukutani hadi kwenye mfereji nje ya uzio. Kabla ya kufukia na kupanda nyasi huwa tunalijaribu. Yeye humimina maji kule juu, mimi hukaa huku mwisho, na kwa kuwa hatuonani, tunaulizana kupitia bomba lenyewe.

Akamimina ndoo. Sauti yake ikanifikia.

"Dada, yamefika?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nikatanguliwa.

"Bado. Ongeza."

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka katikati ya bomba, chini ya ua. Nikasikia anamimina tena. Kwangu halikufika hata tone.

"Na sasa?"

"Bado," ikasema ile sauti, polepole. "Sikusikii vizuri. Weka sikio."

Nikapiga kelele asiweke. Bomba likazimeza zote. Nikauzunguka uzio mbio, viatu nikaviacha huko huko. Nilichelewa.

Alikuwa amelala mtaroni, sikio kwenye bomba. Macho wazi. Anatabasamu, kama anayesimuliwa jambo tamu. Nikamvuta. Hakuvutika. Nikavuta tena kwa hasira, nikimtukana aliyemshika, sijui ni nani. Ndipo akaachiliwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani.

"Si niliwaambia mfanye kazi kimya?" akasema, akafunga pazia.

Alikuwa anajua. Namchukia, na nitakufa nikimchukia.

Mdogo wangu hajasema neno tangu siku ile. Anakula nikimlisha, analala nikimlaza. Chumba chake kiko ghorofani, kikavu kabisa, lakini kila akiamka sikio lile limejaa tope bichi. Namsafisha kwa pamba, nalia, namsafisha tena. Juzi pamba ilitoka na kitu chembamba, cheupe. Mzizi wa nyasi. Nikaushika kwa vidole viwili, nikauvuta taratibu nisimuumize.

Ukavutwa kurudi ndani.