Nyama ya Kontena la Mwisho

"Jua likifika utosini, mlinzi hukimbilia kivuli," Kisu alisema. "Hapo ndipo tunaingia."

Walikuwa watatu ndani ya karakana: Kisu, mkubwa wao, Dereva, mwenye lori, na Fundi wa kuchomelea, aliyemwoa dada yake Kisu. Kisu alichora uwanja wa makontena sakafuni kwa chaki. Kontena la mwisho, ukutani. Nyama ya kopo. Imekaa pale kiangazi kizima, mwenye mzigo akivutana na watu wa ushuru.

"Mnunuzi?" Fundi aliuliza.

"Yupo. Analisha shule za bweni."

Saa sita kamili. Lori liliingia kwa upenyo wa nyuma. Uwanja mtupu. Fundi akakata kufuli, akavuta mlango. Joto likamkumba usoni kama tanuri. Kisha uvundo.

Akaokota kopo. Kifuniko kimetuna. Akakibonyeza, kikafyatuka tena juu. Akachukua la pili. Vilevile. Masanduku ya chini yalikuwa yamelowa, makopo yamepasuka yenyewe.

"Shemeji, mzigo huu umekufa."

"Pakia."

"Umechemka humu miezi. Kopo likivimba hivi ni sumu. Hata kuonja si salama."

"Nani kakwambia uonje? Utatoboa, hewa itoke, utie lehemu. Lebo mpya juu. Ulidhani nimekuleta kukata kufuli tu?"

Fundi akamkazia macho. "Kumbe ulijua."

"Nilijua."

Dereva alikuwa ameshuka. "Kisu, mwanangu yuko bweni."

"Mabweni ni mengi."

Dereva aligeuka kurudi kwenye usukani. Hatua mbili tu. Kisu akamchoma kisu begani. Akaanguka magoti, damu ikichuruzika kwenye changarawe.

"Kuna mwingine mwenye mtoto?" Kisu aliuliza. Akafuta kisu kwenye suruali, akapanda ndani ya kontena. "Mimi nashusha, Fundi unapokea. Haraka!"

Akainama kwenye masanduku.

Fundi akasukuma mlango. Komeo lilimuunguza viganja, akalishindilia hivyo hivyo. Ndani, ngumi zikaanza kutwanga bati.

"Fungua! Dada yangu utamwambia nini?"

"Kwamba nimekufungia."

Dereva alijikokota hadi lori, mkono mmoja umening'inia. "Panda, tuondoke!"

Fundi alipanda. Akashika mlango wa lori, akasikiliza. Ngumi zilikuwa zinapungua nguvu. Mle ndani mtu hamalizi saa. Akamfikiria mkewe.

Akashuka.

"Una wazimu!" Dereva alipiga kelele, akaondoa lori peke yake.

Fundi akakimbia hadi kibanda cha mlinzi, mikono juu, malengelenge yamefumka viganjani. Mlinzi alikurupuka, akashika rungu.

"Ita polisi," Fundi alisema. "Kontena la mwisho kuna mtu, mtoeni upesi atakufa kwa joto. Na ile nyama ichomwe moto. Msimpe hata mbwa."

"Na wewe ni nani?"

"Mwizi mwenzake."

Akakaa chini juani, akangoja pingu.