Fundo Lisilopigwa Randa

Seremala alikuwa akipiga randa ubao wenye fundo gumu. "Fundo hili litanitoa roho!" akanung'unika. Mara akasikia mkewe akimwita kutoka nyuma ya nyumba.

"Baba Watoto! Njoo uone balaa!"

Lo! Mbuzi wa jirani alikuwa ameufyeka mchicha wote. Tena haukuwa mchicha wa kuchuma. Mke aliuacha ukomae, utoe mbegu. Mbegu hiyo aliachiwa na marehemu mama yake, na punje za mwisho zote alizipanda hapo. Sasa vimebaki visiki vifupi kama kidole. Machozi yakamlengalenga.

"Pole, mke wangu," akasema seremala. Naye ni mtu asiyevumilia kitu kilichopinda. Akaona angalau papendeze. Akachukua msumeno, akaanza kukata visiki sawasawa na udongo.

Alipofika katikati ya mstari, akasikia sauti. "We shemeji! Unammalizia mbuzi kazi?"

Alikuwa Mama Miche, jirani yao mwingine anayeuza miche.

"Si umeshakufa huu?" seremala akauliza.

"Nani kakwambia? Hebu chuchumaa." Akamwonyesha kisiki ambacho hakijakatwa. "Hapa jani lilikuwa limeshikana na shina. Hiki ni kifundo. Ndani yake mna chipukizi limelala. Kilele kikiwepo, machipukizi ya chini hutulia. Kilele kikiondoka, yanaamka."

"Na hivi nilivyokata mimi?"

"Umekata chini ya vifundo vyote. Mzizi wa mchicha peke yake hauchipui. Hivyo ulivyokata ndiyo basi tena."

Seremala akajikuna kichwa. Miaka yote hii yeye na mafundo ni paka na panya!

"Vilivyobaki viwekeeni uzio," akasema Mama Miche. "Mwagilieni maji, msivichokoze."

Tangu hapo, hata kabla ya chai, seremala alikwenda kuchungulia. Visiki alivyokata yeye vilioza. Aliona aibu sana. Lakini asubuhi moja, penye kifundo cha kisiki kingine, aliona kitu kidogo cha kijani.

"Mama Watoto! Limeamka!"

Mchicha ulirudi. Ulikuwa mfupi, wenye matawi mengi, na ulichelewa, lakini ulitoa mbegu. Mke alizipukuta kwenye ungo, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mbegu ya mama haijapotea," akasema.

Mumewe akamletea kisanduku kipya cha kuzihifadhi. Mke akakigeuza, akaona fundo juu ya kifuniko.

"Fundi mzima, umeacha fundo?"

"Usilichokoze," akajibu seremala. "Limelala."