Pigo Baada ya Amri

Jumapili ile Kapteni Gedeon Tarpay alirudi kutoka kanisani na njaa yake ya kawaida. Mkewe, Etelka, alikuwa amempikia supu ya kuku yenye pilipili nyekundu. Joto la Septemba lilikuwa bado halijautoka mji wa Szeged, madirisha yalikuwa wazi, na uani askari waliimba huku wakisugua farasi. Kapteni akachota supu, akainua kijiko.

Mkono ukagoma hewani.

"Inaunguza?" Etelka akauliza.

Nyuma ya kiti chake mtu alikuwa amesema, "Simama." Sauti ya kukwaruza. Ilikuwa mara ya nne wiki ile, na mwenye sauti alizikwa Juni.

Gedeon alikuwa na miaka ishirini ya sare, mapambano tisa ya upanga, na masharubu aliyoyatunza kuliko alivyomtunza mkewe. Kwa maofisa wa kikosi chake tusi halikupelekwa mahakamani. Lilipelekwa kwenye ukumbi wa kufundishia farasi: wawili vifua wazi, mashahidi wanne, daktari na mwamuzi. Mwamuzi akisema "Simama!" upanga unashuka papo hapo. Anayepiga baada ya neno hilo si mshindi, ni muuaji.

Basi mwezi Juni Luteni Vidor Keszi alitania mezani kwamba farasi wa Gedeon ana akili kuliko mpandaji. Wakapambana. Upanga ukamponyoka Vidor, Meja Hollósy, aliyekuwa mwamuzi, akapaza sauti, "Simama!" na Gedeon akapiga. Aliisikia amri. Aliisikia vizuri sana. Vidor, aliyekuwa na koo bovu tangu utotoni, alikata roho akinong'ona kwa mkwaruzo wake: "Wamesema simama."

Mashahidi wakatazamana. Ili kulinda jina la kikosi, waliandika katika hati ya pambano kwamba pigo lilitangulia amri, wakatia sahihi wote. Aibu iliyoje!

Ábris, mdogo wake Vidor, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliisoma hati ile, akamwita Gedeon mwongo mbele ya watu. Pambano lao lilipangwa Alhamisi.

"Nenda kwa Meja ukaseme kweli," akamwambia Etelka, aliyekwisha kuambiwa yote, akiushika ule mkono ulioganda. "Watakuvua sare. Wakuvue! Baba ana shamba, tutalima vitunguu."

"Mimi? Vitunguu?"

"Afadhali kitunguu kikulize wewe, kuliko mimi nikulilie."

"Usinitie woga, mke wangu. Safari hii Vidor akiita, nitajifanya kiziwi."

Alhamisi saa nne asubuhi jua liliingia ukumbini kwa madirisha ya juu. Mchanga ulikuwa umepigwa reki. Meja Hollósy, kama ilivyo desturi, akauliza kama wangepatana.

"Yeye anajua la kusema," Ábris akajibu. "Aseme, bwana Meja, nami nivae shati langu nirudi kwa mama."

Neno lilimfika Gedeon kwenye ncha ya ulimi. Akawatazama maofisa wenzake. Akalimeza.

"Anzeni!"

Panga ziligongana. Kijana alikuwa mwepesi. Gedeon akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Jasho likamwingia machoni.

"Simama!"

Karibu mno. Ya kukwaruza. Mkono ukaanza kuganda. Si kitu, akajiambia. Hakuna mtu. Akauma meno, akaukaza mkono, akapiga.

Ndipo alipoona kwamba Ábris hakujikinga. Kijana alikuwa ameshusha upanga. Alianguka midomo ikitaka kutabasamu, kama mtu aliyeitwa na wa kwao.

Daktari akamkimbilia.

"Tarpay," Meja akasema polepole. "Umepiga baada ya amri. Wote tumesikia."

"Mmesikia?" Gedeon akageuka. "Ninyi pia? Kwani ni wewe uliyeitoa?"

Meja alikuwa mweupe mpaka midomo. "Sikufungua kinywa," akanong'ona.

Shahidi wa Ábris akafanya ishara ya msalaba. "Ile ni sauti ya Vidor," akasema. "Nimekaa naye chumba kimoja miaka mitatu."

Upanga ukamponyoka Gedeon.

"Nilisikia," akasema. "Na Juni pia nilisikia. Andikeni. Andikeni yote!"

Hakuna aliyechukua kalamu. Daktari alikuwa ameshamfunika kijana uso. Mama Keszi alikuwa na wana wawili tu, na ukweli uliosemwa sasa ungemfaa nini?

Walipouinua mwili, Meja aliwazuia wasipite katikati. Baina ya mahali aliposimama Gedeon na pale alipoangukia Ábris, palikuwa na nyayo za jozi ya tatu ya buti. Zilizama sana mchangani, visigino kwa Ábris, vidole kwa Gedeon, kama za mtu aliyesimama kumkinga mwenzake. Kuzizunguka, mistari ya reki ilikuwa haijaguswa. Hazikuwa na hatua ya kuja, wala ya kuondoka.