Jina Ambalo Ndabibi Hawaliiti

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, kompyuta ya ofisini mwa Weldon Kimeli iliacha kuiona kompyuta ya sebuleni. Hazikuwa mbali. Ukuta mmoja tu ulizitenganisha, katika nyumba ya kupanga iliyojificha nyuma ya ua wa michongoma huko Milimani, Nakuru, na tangu ahamie hapo ramani na picha zilikuwa zikiuvuka ukuta huo kama jirani aendaye kuomba chumvi. Siku hiyo hazikuvuka. Weldon alifungua orodha ya mashine za nyumbani mwake akaona moja tu, ilhali zilikuwa tatu. Chini ya hiyo moja palikuwa na mstari mtupu, alama ya kompyuta isiyo na jina. Kila alipoigusa ilitoweka. Kila alipogeuza uso ilirudi.

Hakushtuka. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kuchimba shimo moja, na alichotaka kilikuwa kidogo: picha za binti yake aliyezaliwa Jumamosi. Mkewe Jepkemei alikuwa amezihifadhi katika kompyuta ya sebuleni, naye Weldon alitaka kuzichapa kabla mama yake mzazi hajafika Alhamisi kutoka kijijini kwao, Ndabibi. Mtoto hakuwa na jina bado. Jina lingekuja na bibi yake.

Alimpigia simu Quincy Okeyo, fundi aliyemuuzia mashine zote tatu.

"Niaje boss," Quincy alisema, akatafuna kitu. "Hizo mashine nilizitengeneza siku moja, nikazipa zote jina moja. Hiyo ndio shida. Ni kama mapacha wawili wote waitwe Opiyo. Ukiita, nani aitike?"

"Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza? Sikiza. Kila moja ipe jina yake. Lakini kabla uipe, ita hiyo jina kwanza, pale kwa ile dirisha nyeusi ya kuandika amri nilikuonyesha. Kukikuwa kimya, jina haina mtu, chukua. Ikiitika, wachana nayo. Iko na mwenyewe."

"Na nikiichukua?"

"Utakuwa umegombanisha watu," Quincy akacheka, akakata simu.

Hapo ndipo Weldon alipotenda kosa ambalo mtu asiyezaliwa kwao asingeweza hata kulifikiria. Juu ya meza yake palikuwa na karatasi yenye majina ya wafu wa upande wa baba, ambayo mama yake alikuwa amemsomea kwa simu Jumapili baada ya kanisa. Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake humsogezea ugoro kidogo puani, kisha mwanamke mzee huwaita wafu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Majina kumi na moja, yaliyopangwa vizuri, yasiyofanana. Mpima ardhi angetafuta nini zaidi?

Aliandika Mosonik, jina la babu yake. Kimya. Akaipa kompyuta ya ofisini. Akaandika Tabutany, bibi yake. Kimya. Akaipa ya sebuleni. Ilibaki ya tatu, mashine nzee ya kuhifadhia kazi zilizokwisha, iliyokaa stoo. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye jina la tatu alipokumbuka hati aliyowahi kuipata kazini, nakala ya sajili ya kale ya vibarua wa shamba la mzungu huko Ndabibi. Iliandikwa: Mosonik, wake wawili, Tapkigen na Tabutany. Mume na mke mdogo walikwisha kupata mashine. Mke mkubwa hakuwa hata kwenye karatasi ya mama. Weldon alidhani mama amesahau, naye hakupenda orodha yenye pengo.

Aliandika Tapkigen.

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole. Lilikuja mara nne, na kila mstari ulionyesha muda ambao jibu lilichukua njiani: milisekunde mia tisa, mia sita, mia tatu, arobaini. Kama mtu anayeitika huku akija.

Alikwenda stoo. Mashine ilikuwa imezimwa. Plagi yake ilikuwa sakafuni, na juu ya plagi palikuwa na vumbi jeupe ambalo upepo wa mchana huleta kutoka ziwani. Weldon alifanya kama wasomi wafanyavyo: akatafuta sababu. Alijiambia kwamba ni mabaki ya kumbukumbu ndani ya kisanduku cha intaneti. Aliichomeka plagi, akaiwasha mashine, akaipa jina lile lile lililoitika, na kwa kuwa hakuacha kitu bila alama, akabandika kikaratasi mbele yake chenye jina hilo.

Papo hapo mashine zote tatu zikaonana.

Jumatano asubuhi folda ya picha za mtoto haikuwa sebuleni tena. Ilikuwa stoo. Weldon alijaribu kuifungua kutoka ofisini, na skrini ikamjibu: Huna ruhusa. Wasiliana na mwenye folda. Akajaribu kutoka sebuleni, jibu likawa lile lile. Akaketi mbele ya mashine yenyewe, akajitambulisha kwa nywila ya msimamizi, ambaye hakuna mlango anaozuiliwa, akazuiliwa. Akauliza mwenye folda ni nani. Skrini ilifikiri, kisha ikaandika: Tapkigen.

"Weldon."

Jepkemei alikuwa mlangoni, mtoto kifuani. Alisema kwa sauti ya chini, si kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto, bali kama mtu anayechelea kusikiwa.

"Mtoto amekataa kunyonya. Tangu jana mchana."

"Labda ameshiba."

"Ameshiba nini, Weldon? Na nani?" Akamsogeza karibu. "Hebu mnuse mdomo."

Aliinama. Harufu ilimpanda puani mara moja: maziwa yaliyolala kibuyuni, makali, yenye moshi. Katika nyumba ile hapakuwa na kibuyu. Jepkemei hakuivumilia harufu hiyo tangu mimba ilipoingia. Na pembeni mwa mdomo wa mtoto wa siku nne palikuwa na chembe nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya wimbi. Weldon aliichukua kwa ncha ya kidole, akaisaga. Ilikuwa mkaa, ule wa kusugulia vibuyu.

Walimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima, akakunja uso, akampima tena. Mtoto alikuwa amepungua kupita kiasi cha kawaida. "Mama, kufikia kesho jioni kama hajanyonya, mje tumlaze," alisema. "Mtoto mdogo hivi hana akiba." Kisha akanusa, akawatazama kwa hasira. "Na mwache kumpa hizo maziwa zenu za kienyeji."

Usiku kucha walilala na taa, mtoto katikati yao. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikivuta, ikivuta, ikivuta hewa tupu, na macho yake yalielekea ukuta wa upande wa stoo.

Alhamisi saa sita mchana Cheptanui, mama yake Weldon, aliingia langoni na kikapu chake.

"Hii Milimani yenu!" alisema kwa sauti kubwa. "Hata mbwa zinabweka kizungu. Nimesalimia moja ikanitazama kama haijatambulishwa. Mjukuu wangu ako wapi? Na mbona mmekonda, ni nyinyi mlizaliwa?"

Alikanyaga kizingiti, akasimama. Mzaha ulimkauka usoni.

"Nani ameleta kibuyu kwa hii nyumba?"

"Hakuna kibuyu, Mama," Jepkemei alisema, akaanza kulia.

Cheptanui aliifuata harufu kama mtu afuataye kamba, akapita sebule, akapita ofisi, akafungua stoo, Weldon na Jepkemei nyuma yake. Mashine ilikuwa ikinguruma polepole gizani. Alikisoma kile kikaratasi.

"Hili jina umetoa wapi?"

Weldon alimweleza kwa mpangilio, kama ripoti. Mama yake alichukua tu maneno matatu.

"Uliita?"

"Niliita."

"Akaitika?"

"Mara nne."

"Na ukampa nyumba." Aliketi juu ya gunia la makaa. "Weldon, kijana yangu, sisi huyu hatumwiti. Mama mkwe wangu Tabutany aliniambia mara moja tu, akanikataza kurudia. Huyu alikuwa mke mkubwa, hakuzaa. Tabutany alipopata mtoto wa kwanza, siku moja akaenda kulima, akarudi, akakuta mke mwenzake amemweka mtoto kwa titi. Titi kavu. Huyo mke mkubwa akajifungia ghalani na mtoto siku tatu. Anampaka maziwa ya kibuyu kwa mdomo ili asilie, asinyang'anywe, na mtoto anavuta titi haina kitu. Walipovunja mlango mtoto alikuwa amekwisha. Wakamfukuza. Alikufa huko njiani, hakuna mtu alimtupia udongo. Toka siku hiyo, kila mtoto akizaliwa tunaita wote, yeye tunamruka. Miaka sabini na zaidi anangoja tu aitwe."

"Nitamtoa," Weldon alisema.

"Toa hiyo kitu. Lakini usimwite tena. Hata kwa kidole."

Alifanya kila jambo kwa zamu yake. Alilifuta jina, akazima mashine, akang'oa plagi, akachana kikaratasi, akaibeba mashine hadi nje ya ua na kuiacha juani. Akazima kompyuta ya sebuleni. Akazima kisanduku cha intaneti, taa zake zikafa moja baada ya nyingine. Ilibaki kompyuta ya ofisini peke yake, isiyounganishwa na kitu chochote duniani. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Weldon hakuwahi, tangu aanze kazi, kutia sahihi kipimo ambacho hakukihakiki, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuandika jina kabla moyo haujamkumbusha katazo.

Jibu la kwanza lilikuja kwa muda uliopungua milisekunde moja, na papo hapo, kutoka chumba cha kulala ambako mtoto hakuwa ametoa sauti tangu juzi, ikasikika "mm", ndogo, ya mtu anayeitika akiwa na shughuli. Na jibu la pili lilipoandikwa "mm" ya pili ikaja, jibu la tatu na "mm" ya tatu, naye Weldon akiwa amekishika kiti kwa mikono miwili akakumbuka kwamba muda mfupi namna ile maana yake ni kwamba anayeitwa hayuko mbali tena, hayuko stoo wala nje ya ua, na kabla mstari wa nne haujafika aliomba kwa majina yote ya Mungu aliyofundishwa usifike, ukafika, na mtoto akaitika.

Cheptanui alisikia. Aliingia chumbani, akafunga mlango, kwa kuwa kuita jina ni shughuli ya wanawake, na Weldon akabaki nje, paji la uso kwenye mbao.

Alisikia kifuniko cha kopo la ugoro. Kisha sauti ya mama yake, tulivu, ikiwaita.

"Mosonik."

Kimya.

"Tabutany."

Kimya. Akaita wa tatu, akaita wa nne. Aliita majina yote kumi na moja, akayarudia kutoka mwisho, akaongeza ya upande wa mama yake mwenyewe, jambo lisiloruhusiwa, na mtoto hakupiga chafya. Ilisikika tu ile midomo ikivuta hewa, sasa kwa udhaifu.

"Mama," Jepkemei alisema ndani, "muite."

"Siwezi. Nikimwita hapa, na ugoro mkononi, hatatoka mpaka huyu mtoto azeeke."

"Na tusipomwita?"

Kopo la ugoro likawekwa sakafuni.

"Mtoto wangu anakufa, Mama. Huyu hata kliniki haimwezi."

"Anakufa akiwa wetu."

"Basi nitamwita mimi. Mimi si wa ukoo wenu. Mimi sikumfukuza."

"Jepkemei, mwanangu..."

Weldon alikishika kitasa. Angeweza kuingia, angeweza kusema usimwite. Alimfikiria muuguzi, mizani, jioni iliyokuwa ikikaribia. Hakukizungusha.

Jepkemei alilisema jina lile polepole, kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni aliyesimama mvuani.

Mtoto akapiga chafya.

Kisha ikasikika sauti ambayo Weldon alikuwa ameiombea siku mbili, sauti ya koo dogo linalomeza: moja, mbili, tena na tena. Alifungua mlango huku akilia.

Jepkemei alikuwa amekaa kitandani, machozi yakimtiririka, akicheka. "Ananyonya," alisema. "Weldon, ona. Ananyonya." Cheptanui alikuwa amesimama kwenye kona, uso ukutani, hataki kuona.

Weldon alisogea. Mtoto alikuwa akinyonya kwa nguvu, mashavu yamejaa, rangi ikimrudi usoni. Alikuwa mzima. Angeishi. Kisha, bila kuliachia titi, alifungua macho. Yalipita juu ya kitanda, juu ya pazia, juu ya kabati, yakikagua kila kitu bila haraka; yakamfikia Weldon, yakamruka; yakapanda hadi usoni pa Jepkemei na kutulia hapo, yakimtazama kwa muda mrefu, kwa subira, kama mke mkubwa anavyomtazama binti mgeni aliyeletwa bomani mwake.