Mstari wa Tano kwenye Kitambaa cha Lombe

“Yule kijana wa Kivu anaandikia adui.” Jirani yangu Angélique alinimwagia neno hilo mwaka wa 98, vita ilipoanza mashariki, nami sikuweza kulitoa kichwani. Kijana mwenyewe ni Kasereka, mpenzi wa binti yangu Lombe.

Walikutana soko la mtaa wetu uitwao Kenya, kwenye meza yetu ya nyuzi na madaftari. Lombe alivaa kikwembe cha kijani, Kasereka shati nyeupe ya pasi kali.

“Daftari ya miraba? Uko mutoto wa masomo ya primaire?” Lombe akamtania.

“Niko université, chérie. Napanga misalaba.”

“Ya makaburi?”

Akacheka, akamwonyesha mistari minane ya misalaba na nafasi tupu. “Chukua mistari yoyote mbili. Nusu inapatana, nusu inapingana. Humo natoa maneno ya kupitisha kwa redio. Makelele ikiharibu alama moja, neno linajitengeneza. Maneno yote ya hapa njo inapimaka ile iliharibika.”

“Sawa na siye. Nusu tunabishana.”

Lombe akaidarizi mistari ile kwenye kitambaa, uzi mwekundu. Karatasi za hesabu hiyo Kasereka aliziweka kwetu, maana bweni lake lilivuja.

Nilimwambia Angélique: ziko kwangu, zimejaa alama. Kesho yake askari walimkamata Kasereka kule Luano, kwenye uwanja wa ndege. Nikaogopa, nikachoma zote kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikaanza kufumua kitambaa pia. Mstari mmoja ulikuwa umekwisha kufumuka Lombe alipoingia.

“Mama, weye njo ulisema?”

“Hapana.”

Wiki sita. Kisha simu, dukani kwa jirani mwingine: wamemwachia.

“Lombe, ni miye. Niko muzima. Karatasi yangu?”

“Iliungua.”

“Ilikuwa kazi ya miaka mbili.”

“Ukuje tu. Niko na kitambaa.”

Alikuja amekonda, shati ikimpwaya, akakunjua kitambaa. “Mustari ya tano ilienda wapi?”

“Panya,” nikasema.

Hakubishana. Alihesabu kwa mistari saba iliyobaki, Lombe akashona alivyomwambia: musalaba, tupu, tupu, musalaba. Chai haijapoa, mstari ulikuwa umerudi.

“Lombe, nimebaki na kitambaa na weye. Unikubalie?”

“Tutabishana nusu.”

“Njo vile.”

Kasereka akanigeukia, akaniita mama. Nikamimina chai.

Sasa wanakaa mtaa wa Annexe, na kitambaa kiko ukutani. Bamama, muepuke haya:

Kupelekea jirani neno ambalo hamukulihakikisha.
Kuita siri ya adui kitu ambacho hamukusoma shuleni.
Kuchoma kazi ya muntu.
Kusingizia panya.