Mkanda Alioushona Sindano

Kila alasiri, akishatoka shule na kula, Sindano aliingia karakana ya mama yake, fundi wa makochi. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa wembamba wake na wepesi wake kwenye cherehani. Mama akigongelea misumari, binti akishona vitambaa, na soga haziishi.

Siku moja mama alirudi kutoka hospitali, au ndivyo alivyosema. Penye kovu lake la upasuaji wa zamani palikuwa pametuna uvimbe.

"Daktari kasema ni ngiri ndogo tu," alisema. "Nishonee mkanda wa kunibana, kwa ule utepe mpana wa chini ya viti."

Sindano aliushona kwa moyo wote, akajiona daktari mdogo. Kila asubuhi alimfunga mama yake, na mama akaendelea kuinua makochi.

Hata asubuhi moja, mama alidondosha nyundo. Alijikunja sakafuni, akatapika, jasho likimtiririka. Sindano alifungua mkanda. Uvimbe ulikuwa mgumu, na haukurudi ndani hata mama alipolala chali. Sindano alipiga kelele, jirani muuza mkaa akaja mbio, wakamkimbiza hospitali.

Daktari wa upasuaji alipougusa ule uvimbe, alikunja uso. "Utumbo umenasa kwenye tundu la kovu, damu haifiki. Tusipompasua sasa hivi, utaoza. Nani alimwambia afunge mkanda huu?"

"Si wewe, daktari?"

"Mimi? Kila mwenye ngiri hapa huletwa kwangu, na mama yako ndiyo kwanza namwona leo."

Sindano aliutazama mkanda. Mama yake, mtu aliyemwamini kuliko wote, alikuwa amemdanganya, tena akaitumia mikono yake. Alikaa kwenye benchi akiomba mama apone, huku hataki hata kumwona.

Hatimaye daktari alitoka. "Tumewahi. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, tumekikata na kuunga palipobaki. Atapona."

Mama alipozinduka, alinyoosha mkono. Sindano hakuushika.

"Ulinifanya nikufunge, mama. Kila asubuhi!"

"Niliogopa kisu, mwanangu. Nilijua nikikwambia ukweli, hungeshona."

"Ningekuleta hapa."

Mama aligeukia ukutani, akalia. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Mama," daktari aliyekuwa kando ya kitanda alisema kwa upole, "ngiri haiponi kwa kufichwa. Ungekuja mapema, kazi ingekuwa nyepesi. Ukiwaficha maumivu wanaokupenda, unawafunga mikono wasikusaidie."

Sindano alirudi nyumbani na ule mkanda. Aliufumua, akaupigilia chini ya kochi, mahali pake. Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, walifanya kazi pamoja, lakini soga hazikuwepo.

Kisha asubuhi moja mama alisimama mlangoni, ameshika tumbo.

"Sindano, kidonda kinauma leo. Kinauma sana, na naogopa."

Sindano aliweka mkasi chini. Akamnyooshea mama yake mkono.

"Vaa viatu, mama. Twende."