Saa Moja Aliyoiongeza Firmin

Walipofika kilomita ya mia na sabini na moja, barabara iliisha. Ilikuwa imefungwa kwa kizuizi cha chuma, na nyuma yake hakukuwa na lami tena bali hewa tupu. Siku mbili nyuma jabali la chaki lilikuwa limemeguka na kuondoka na barabara yote, na shakwe walikuwa wameshapazoea. Mzee Firmin Lecacheux, aliyekuwa na binti yake, alishuka kwenye baiskeli, akakisoma kibao cha kuwaelekeza watu njia ya kuzunguka, kisha akatazama saa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Kuzunguka kungewaongezea kilomita kumi na sita na vilima vitatu, na kituo cha mwisho, katika mji wa bandari wa Fécamp, kilikuwa kinafungwa saa mbili na nusu. Kwa mwendo wao wa siku hiyo, na upepo ule wa usoni, wangefika mlango umefungwa.

Kuchelewa kwenyewe si dhambi. Lakini mzee alikuwa na ahadi. Majira ya baridi yaliyopita alisahau jiko likiwaka, na mara mbili alikwenda kununua mkate akarudi nyumbani kwa njia ya kijiji kisicho chake. Daktari alisema ni umri tu. Mkewe, Denise, hakuridhika na umri tu. Wakakubaliana mezani, wakapeana mikono: Firmin azunguke kilomita mia mbili za chama cha waendesha baiskeli, apigiwe mihuri yote kwenye kadi kabla vituo havijafungwa, na binti yao Clémence aende naye kama shahidi. Akifaulu, hakuna atakayemgusia tena habari ya kuacha baiskeli. Akishindwa, baiskeli inatundikwa ghalani pamoja na majembe ya zamani ya babu yake. Alikuwa na miaka sabini na moja, na hamsini kati ya hiyo aliimaliza juu ya tandiko lile. Kutundika baiskeli, kwake, ilikuwa kama kuambiwa atundikwe yeye.

"Tupite chini," alisema.

Clémence, ambaye kazi yake ni kuendesha lori la kukusanya maziwa na hapendi barabara asizoziona, alitazama ukingo wa jabali. "Chini wapi, Baba?"

Akamweleza. Nyuma yao kidogo palikuwa na bonde la Vaumesnil, lenye ngazi za kushuka hadi ufukweni. Wangekokota baiskeli juu ya kokoto, wapite pua ya jabali, wapandie bonde linalofuata. Kilomita mbili na nusu. Yeye na mama yake walizipita mara mia wakichuma kome. Kisha akatoa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi kile kijitabu cha maji kujaa na kupwa ambacho duka la mkate huwapa wateja kila mwaka mpya, akatafuta tarehe, akasoma: maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa kumi na moja na dakika ishirini. Hapo akaongeza saa moja. Kijitabu kile, tangu yeye mtoto, huandikwa kwa saa za majira ya baridi, na mtu wa pwani ile huongeza saa moja wakati wa kiangazi, saa za nchi nzima zinaposogezwa mbele, pasipo kufikiri, kama unavyovuta mlango ukitoka. Mama yake alimfundisha kwa kofi.

"Saa kumi na mbili na ishirini," akasema. "Maji bado yanakwenda zake. Tuna nafasi tele."

Wakashuka.

Ufukweni hapakuwa na upepo. Jabali lilisimama juu yao jeupe, limepigwa mistari ya mawe meusi ya gumegume, na bahari ilikuwa mbali, imetulia, imeacha uwanda mrefu wa miamba yenye mwani. Baiskeli ya Firmin ilikuwa ya chuma, nzito, ya kuundwa kwa mikono. Ya Clémence ungeiinua kwa kidole. Kosa lilikuwa kwenye viatu. Vya Firmin vilikuwa vya ngozi, vya kizamani. Vya Clémence vilikuwa na kile kibanio cha kushikia pedeli chini ya soli, na ukitembea navyo juu ya mwamba wenye mwani, ni sawa na kutembea juu ya sabuni.

Aliteleza walipokuwa katikati ya safari. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akatazama mguu wake, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Baba, nimejikata."

Gumegume lilikuwa limempasua muundi, jeraha refu kama kiganja, na kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba. Firmin alimbeba hadi chini ya jabali, mahali ambapo maji baridi yasiyo na chumvi yalikuwa yakitoka kwenye chaki kwa mchirizi mdogo. Zamani mama yake Firmin alikuwa akifulia hapo. Akaliosha jeraha mpaka mchanga ukaisha, akachana mkono wa jezi yake, akafunga, na juu ya kitambaa akazungusha mpira wa ndani wa tairi kwa kuukaza taratibu.

"Unahisi vidole?"

"Nahisi vyote. Usikaze zaidi."

"Kunywa kwanza."

Alikunywa, Firmin akajaza chupa zote mbili, wakaendelea. Clémence aliegemea baiskeli ya baba yake kama mkongojo, na Firmin akaibeba ile nyepesi begani. Mwendo ulikuwa wa kobe. Walipofika kwenye pua ya jabali, ilikuwa saa moja na dakika tano, na Firmin alisimama.

Pua ilikuwa imekwisha kufikiwa na maji, maji ya magotini yanayokuja kwa utulivu, pasipo povu, kila wimbi likipita alama ya mwenzake. Kwa hesabu yake bahari ilipaswa kuwa bado imelala. Akageuka kutazama walikotoka. Ile miamba waliyopita ilikuwa imezama. Akatoa kijitabu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasoma jalada, kwani nani husoma jalada la kitabu anachokijua? Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba kuanzia mwaka huu saa ya kiangazi imeshaongezwa.

Akapiga hesabu upya. Walishuka ngazi maji yakiwa yameanza kurudi, na siku zile zilikuwa za bamvua, maji yanapokuja kwa wingi na kwa haraka. Alirudisha kijitabu mfukoni, hakusema kitu. Hilo la kutosema lilimuuma baadaye kuliko kosa lenyewe.

"Tunapita?" Clémence aliuliza.

"Hatupiti. Wala haturudi. Tafuta majani."

"Majani gani?"

"Yoyote. Panapoota majani, bahari haifiki."

Waliyaona pamoja. Hatua mia moja nyuma kulikuwa na kifusi cha zamani, kilima cha chaki kilichoporomoka miaka mingi iliyopita, na juu yake kabichi mwitu ilikuwa imechanua maua ya manjano. Maji yaliwafika mapajani kabla hawajakifikia. Firmin akaisimamisha baiskeli ya chuma dhidi ya kifusi, akaishikilia kwa nguvu zote, na Clémence akapanda kwa mguu mmoja: pedeli, fremu, tandiko, kisha bega la baba yake. Alipofika juu akaivuta baiskeli nyepesi kwa mpira wa tairi wa akiba aliorushiwa, halafu ile nzito, halafu mzee mwenyewe, ambaye alikuwa mzito kuliko zote mbili.

Walikaa mbali na ukuta, maana chaki huanguka bila hodi. Simu ya Clémence haikupata mtandao. Walikuwa na chupa mbili za maji, nusu ya jibini, na kipande cha mkate kilicholowa. Wakala kidogo. Bahari ikaja ikawazunguka, ya kijani, nzuri kupita kiasi, na jua bado lilikuwa juu kwa sababu mwezi wa Juni huko halizami mpaka saa nne usiku. Mtu angewaona kwa mbali angedhani wamekwenda matembezi.

Firmin alitazama kile kitambaa kilichoanza kuwa chekundu, akaweka jibini chini.

"Clémence. Niliongeza saa moja isiyotakiwa. Walikwisha kuiongeza wenyewe. Imeandikwa kwenye jalada."

Alimpa kijitabu. Clémence akasoma jalada, akalisoma tena.

"Kwa hiyo hukusahau," akasema mwishowe.

"Ningesahau, tungekuwa salama. Nilikumbuka."

Akacheka, akaacha kwa sababu mguu ulimuuma. "Mama akiuliza, nitamwambia barabara ilikatika. Si uongo."

"Utamwambia yote. Wewe ni shahidi, si wakili wangu." Kisha akasema lile alilokuwa amelificha tangu kwenye pua ya jabali. "Nilijua tulipokuwa kule, nikanyamaza. Niliogopa kunyang'anywa baiskeli. Maji yanakuja, wewe unavuja damu, na mimi naiogopea baiskeli. Nisamehe, mwanangu."

Clémence alimrudishia kijitabu. Alisogea akamwegemea, kwani jezi yake ilikuwa imelowa na upepo ulikuwa umeanza.

Karibu na saa tatu, mashua ndogo ilitokea upande wa Fécamp, ikienda kutega madema ya kunasia samaki. Firmin aling'oa kioo kidogo cha kutazamia nyuma kilichokuwa kwenye usukani wake, kile ambacho vijana wa chama humcheka nacho, akaunasa mwanga wa jua la magharibi na kuurushia ile mashua. Mara ya kwanza, hakuna. Akarusha tena, taratibu, mara tatu na kutua, mara tatu na kutua. Mashua ikapunguza mwendo, ikageuza pua.

Mwenye mashua alikuwa Hervé Auzou, aliyesoma na Firmin darasa moja. Maji yalikuwa yamejaa kiasi cha mashua kukaribia kifusi. Hervé aliwaangalia wote wawili na baiskeli zao, akavuta sigara yake.

"Firmin, bwana, nimesikia mashindano ya mwaka huu ni magumu, lakini sikujua kuna sehemu ya kuogelea."

"Mchukue binti kwanza. Mguu."

Hervé aliuona mguu, akaacha utani. Baiskeli zilibaki juu ya kifusi, kati ya kabichi.

Clémence alishonwa nyuzi kumi na moja. Firmin alimwambia Denise yote usiku uleule jikoni, akiwa amesimama, tangu kijitabu mpaka kule kunyamaza, na hakujitetea. Denise alilia, akamkaripia, akampa supu. Hakutaja makubaliano. Asubuhi yake mzee alikwenda ghalani mwenyewe, akapigilia kulabu kwenye boriti, akapima urefu.

Ilibidi kungoja bamvua nyingine, maji yanapokupwa mbali kabisa, ndipo waweze kuzifuata baiskeli. Wiki mbili zikapita, nyuzi zikatolewa. Walipofika juu ya ngazi za Vaumesnil, Firmin alitoa kijitabu, akakigeuza mkononi, kisha akampa binti yake.

"Soma wewe."

Alisoma jalada kwanza. Walishuka, wakarudi na baiskeli zote mbili, minyororo ikiwa na kutu kidogo tu. Walipofika barabarani, Clémence alifungua mlango wa gari, akapakia ile yake nyepesi. Kisha akasita, akaitoa tena, akasema kilomita kumi na moja za kufika nyumbani mguu wake ungeziweza, na gari lingefuatwa kesho.

"Ahadi ni ahadi," Firmin alisema. "Nilishindwa."

"Ulishindwa, Baba. Itatundikwa. Lakini hakuna aliyesema ifikeje nyumbani."

Mzee aliweka mkono juu ya tandiko. Miaka yote, na mtu yeyote, alikuwa yeye anayekaa mbele, kukata upepo na kuchagua njia.

"Basi tangulia wewe," akasema.

Denise alikuwa uani akichambua njegere alipowaona wakitokeza kilimani, binti mbele, mzee nyuma yake, gurudumu lake likifuata la mwenzake. Walipofika getini, Firmin alishuka moja kwa moja, akaanza kuikokota baiskeli kuelekea ghalani bila kumtazama mtu.

"Unaipeleka wapi?" Denise aliuliza.

"Kwenye kulabu."

Alimtazama Clémence, akamtazama mumewe, akarudi kwenye njegere zake. "Kulabu ina kazi," alisema. "Nimetundika vitunguu."